Daktari wa Cheni

Daktari alimwona yule mama wa mayai kabla hata hajazima pikipiki. Hakumtazama usoni, wala trei za mayai zilizofungwa nyuma hakuziona. Macho yake yalishuka moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma, yakatua kwenye cheni, na mate yakamjaa mdomoni. Cheni ilikuwa mpya. Meno ya sproketi, gurudumu la chuma linalobeba cheni, yalisimama wima, mazima yote.

"Karibu, mama. Pole sana."

"Pole ya nini, mwanangu? Nimekuja kujaza upepo tu."

"Pole ya cheni. Imekufa."

Tuueleze kidogo udaktari huu. Gereji ilikuwa banda la mabati na pazia la turubai, mkabala na kijiwe cha madereva wa pikipiki. Kila aliyeingia aliambiwa cheni yake imekufa, akaketishwa kwenye benchi mbele ya pazia. Nyuma ya pazia ikavuliwa cheni nzima pamoja na sproketi zake mbili, vikaoshwa kwa dizeli, vikapakwa rangi ya fedha, vikatiwa kwenye boksi kumngojea mgonjwa atakayefuata. Yeye mwenyewe alifungiwa vya mgonjwa aliyemtangulia. Mwaka wa tatu sasa kijiwe kizima kilikuwa kikibadilishana vyuma vile vile, na kila mmoja akimshukuru Daktari kwa kumpatia vipya.

Na kuijua cheni iliyochoka si elimu ya chuo kikuu. Unachuchumaa nyuma ya gurudumu, unaivuta kwa kidole. Ikinyanyuka ikaacha nusu ya jino wazi, imekwisha. Meno yakipinda kama kucha, nayo yamekwisha, na hapo hubadilishwa vyote vitatu kwa pamoja. Ni kazi ya dakika moja. Lakini madereva wale walikuwa na siku nzima ya kubishana kuhusu mpira, na hiyo dakika moja hawakuwa nayo. Wapumbavu wa aina hii hawahitaji tapeli hodari.

"Wiki mbili tu tangu ibadilishwe," mama alisema.

"Na nani?"

"Fundi mmoja huko mjini."

"Matapeli hao, mama! Siku hizi watu hawamwogopi Mungu kabisa!" Daktari alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli kweli.

Mama akashika mdomo. "Mungu wangu! Na zile saba je?"

"Saba zipi?"

"Za vijana wangu wanaosambaza mayai. Zote alizifunga huyo huyo."

Daktari akaegemea nguzo ya banda. Pikipiki saba! Akaiona gereji ya matofali, yenye mlango na kufuli, isiyovuja mvua ikinyesha. Akamwita mama "mama yangu mzazi", akamfutia benchi kwa shati lake mwenyewe, akavuta pazia.

Sasa, Daktari alikuwa na pikipiki yake, mali pekee aliyoipata katika miaka yote ya uongo, na cheni yake ilikuwa maiti. Kila mlima iliruka meno. Hakuwahi kuibadilisha kwa sababu alijua vizuri mno kilichomo ndani ya maboksi yake. Safari hii alipata ya kumfaa. Akavua vyuma vya mama, akavifunga kwenye pikipiki yake, akakaza kila nati kwa mapenzi, akatia oili. Vya kwake vilivyooza akavipaka rangi ya fedha, akamfungia mama.

"Tayari, mama! Vipya kutoka kwenye boksi."

Mama akazitazama pikipiki zote mbili. "Na hiyo nyingine inayong'aa?"

"Yangu hiyo. Daktari hawezi kutembelea ugonjwa."

"Basi hebu niipande kwanza, nisikie cheni ya kitaalamu inavyolia. Halafu nipande yangu, nilinganishe. Nikiridhika, nawaita vijana saa hii hii waje wote. Mayai yangu si ninakuachia hapa?"

Daktari akasita, kitambo kidogo tu. Kisha akaliona tena lile tofali la kwanza la gereji yake, akatoa ufunguo.

"Umekaza vizuri, mwanangu?"

"Kwa mikono yangu hii."

Pikipiki iliondoka kimya, bila mlio hata mmoja wa cheni. Kazi safi kabisa, lazima tukubali.

Robo saa ikapita, kisha nusu saa. Daktari akanyanyua trei za mayai, akaona ni nyepesi mno. Ya juu ilikuwa na mayai. Zilizobaki zilikuwa tupu. Akapiga ukelele uliowafanya madereva wa kijiwe wanyamaze, akarukia pikipiki ya mama, akaiwasha, akamfukuzia.

Alifika mita mia mbili, pale barabara inapoanza kupanda. Cheni ikaruka jino, ikaruka la pili, ikalia kwa mfululizo kama mahindi kikaangoni, ikachomoka. Injini ilinguruma kwa hasira na gurudumu halikuzunguka. Huko juu kabisa ya mlima, kona aliyoikunja mama wa mayai nusu saa nzima iliyopita, bila kugeuza shingo, ilikuwa tupu.

Daktari akairudisha kwa kuikokota, na kijiwe kizima kikimtazama. Mbele ya banda alimkuta mchinjaji wa buchani, aproni ina damu, amefura.

"Pikipiki hiyo umeitoa wapi?"

"Si yangu, kaka. Nimeachiwa na mteja."

"Najua si yako. Ni yangu! Mama mmoja aliniomba dakika kumi akajaze upepo, akaniahidi trei ya mayai." Mchinjaji akachuchumaa, akaivuta ile cheni iliyoning'inia, akapitisha kidole kwenye meno ya sproketi. Kidole kikabaki na rangi ya fedha, na chini yake meno yalikuwa yamepinda yote. "Hii imekufa. Mimi nilifunga mpya, wiki mbili zilizopita. Iko wapi?"

Daktari alitafuta uongo. Kila alioupata ulimfanya mwizi wa pikipiki, na mkono wa mchinjaji ulikuwa tayari kwenye kola yake.

"Iko kwenye pikipiki yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyesema imekufa."

Kijiweni mabishano ya mpira yalikatika. Dereva mmoja akashuka kwenye pikipiki yake, akachuchumaa nyuma ya gurudumu, akavuta cheni kwa kidole. Wa pili akafanya hivyo hivyo, kisha wa tatu. Halafu wakasimama wote, wakaanza kuvuka barabara.