Ombi Moja, Maprezida Watatu

Kuanguka kwa Goma hakukuwa habari mpya tena kwenye benchi la kahawa pale mtaani Bel-Air. Habari mpya ni kwamba Goma yenyewe ilikuwa imefika: Albertine na wanawe walishushwa asubuhi kutoka kwenye lori, wakaketi ukutani juu ya mafurushi yao. Céline, mpwa wa Albertine, ambaye benchi lilimwita Kimya, hakuacha kuwaangalia.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na ukumbi mtupu ambao ungewafaa kulala. Mama Benita, mwenye ufunguo, alikuwa amesema: "Muniandikie ombi mbele ya saa sita. Kama hapana, naipatia bantu ba ndoa."

"Tuandike ku Google Docs," akasema Damien. Walimwita Forfait, yaani kifurushi cha intaneti: amesomea informatique, mambo ya kompyuta, lakini megabaiti huomba kwa wenzake. "Shiye bote tunaandika pamoja, kila muntu na telefone yake."

"Ile ni ya batoto!" akakata Mwape, mstaafu wa ofisi ya mgodi aliyependa itifaki, ndiyo maana akaitwa Protocole. "Mambo ya sérieux iko mu Word."

"Papa, Word nayo iko ku internet. Ni sawasawa!"

"Sawasawa? Weye utaenda ku mairie, mbele ya meya, na kaptula?"

"Miye natuma vocal, sauti tu," akasema Papa Chance, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. "Malori yote ya maharage niliuzisha na vocal tu."

Google ikashinda, kwa sababu hati ilifunguliwa kwenye telefone ya Forfait na hotspot ilikuwa ya Papa Chance. Mara moja Protocole akaandika juu kabisa: "Mwape, Président." Papo hapo "Chance, Président d'honneur", rais wa heshima, likatokea juu yake.

"Nani eko ananisukuma chini?"

"Mwenye internet njo anaikala juu, Papa Mwape," akajibu Papa Chance.

"Na juu ya nini jina yangu iko na rangi ya kijani?"

"Nilikuweka mu suggestion, pendekezo tu, papa," akasema Forfait. "Tunangoja bakubali."

"Miye, musee muzima, niko suggestion?"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Forfait naye akajipenyeza: "Président technique."

Céline akachungulia. Maprezida watatu, neno ukumbi halikuwepo.

"Na batoto?" akauliza polepole.

"Ngoja, Kimya. Batoto beko ku page ya pili."

Kitinda mimba wa Albertine alikuwa amesinzia na kiatu kimoja mguuni. Ng'ambo, gari lenye maua ya plastiki likasimama mbele ya ukumbi. Céline akainuka, akavuka hadi kwa Mama Benita mlangoni.

"Mama Benita, ombi yetu njo ile," akasema, akionyesha ukutani kwa mkono.

Mama Benita akatazama. Akachomoa ufunguo kifuani.

"Niliomba karatasi juu nilizani ni bale ba benchi banatafuta nafasi ya mukutano," akasema. Kisha akageukia gari. "Ba ndoa! Mutafute chapiteau, hema ya kukodi!"

Céline akarudi na ufunguo. Protocole akasimama.

"Nani alikuruhusu? Texte iko bado brouillon, haiyaisha!" Akawaona watoto wakivuka. Akakohoa. "Basi... tuandike ya kushukuru."

"Ku Google ao ku Word?" akauliza Forfait, furushi tayari kichwani.

Hakungoja jibu. Protocole akabaki peke yake na telefone yake, akalirudisha jina lake juu kabisa bila kusukumwa na mtu, hadi Papa Chance alipobeba godoro na hotspot ikavuka barabara pamoja naye, na mtandao ukakatika.