Tisa Kati ya Kumi

Mtu anayemwita kila mtu shemeji ana sababu zake. Huyu wetu aliwaita hivyo walinzi, mabosi, polisi na wadai, kwa hoja kwamba ni vigumu kumkaba koo mtu ambaye huenda amemwoa dada yako. Mji nao ukamrudishia jina lake, ukamwita Shemeji.

Asubuhi moja alijibanza kwenye geti la chuo cha sheria kukwepa jua, akasoma kibao kwa kukosa la kufanya. Serikali ilikuwa imeviamuru vyuo vyote vya sheria viandike getini, kwa faida ya wanaotaka kujiunga, ni wahitimu wangapi wamepata kazi. Chuo hiki kilitii kwa herufi ndogo kama sisimizi: wawili kati ya kumi. Baba mmoja akainama, akasoma, akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Shemeji akatabasamu. Alikuwa ameokota dodo chini ya mwarobaini.

"Shemeji," alimwambia mkuu wa chuo, "hapa hakuna tatizo la elimu. Kuna tatizo la hesabu."

"Na Jumatatu mkaguzi anakuja kuhesabu upya," mkuu akaguna.

"Anahesabu nini?"

"Wahitimu wenye kazi siku hiyo."

"Kazi gani?"

Mkuu akafungua mwongozo, akapekua, akaufunga. "Haikusemwa."

"Basi nitawaajiri wote mimi, kwa barua zenye sahihi yangu. Siku hiyo hiyo moja."

Wakapatana: nusu ya malipo sasa, nusu mkaguzi akishaondoka. Shemeji akaenda kuwatoza na wahitimu wenyewe hela ya fomu ya kuomba kazi, maana mjanja wa kweli hali upande mmoja, atavimbiwa.

Jumatatu ukumbi wa harusi ulijaa vijana wenye tai, kila mmoja na meza ya kukodi, na mapambo ya bibi harusi wa Jumamosi bado yananing'inia juu yao. Mkaguzi akapita kati ya meza.

"Wewe kazi yako nini hapa?"

"Mshauri wa sheria. Nasubiri faili."

"Na wewe?"

"Msaidizi wake. Nasubiri amalize kusubiri."

Mkaguzi alikunja uso, lakini fomu yake ilikuwa na nafasi ya ndiyo na hapana tu. Akaandika ndiyo, akagonga muhuri. Jioni vijana wote waliachishwa kazi kwa heshima zote, na getini kikapandishwa kibao kinachosomeka toka ng'ambo ya barabara: TISA KATI YA KUMI. Yule wa kumi alichelewa kuamka.

Siku chache baadaye Shemeji alikwenda kumsalimia dada yake, fundi cherehani. Pale mlangoni ilipokuwa ikikaa cherehani, palibaki alama za miguu yake sakafuni.

"Dada, cherehani iko wapi?"

"Nimeiuza. Mpwa wako anaanza sheria! Ada nimelipa yote leo asubuhi. Kile chuo cha tisa kati ya kumi, na muhuri wa serikali juu!"

Maji yakamfika Shemeji shingoni. Dada huyu ndiye aliyemlea, na cherehani ile ndiyo iliyomlisha tangu mama yao alipofariki. Alikuwa amewaibia wengi na kulala usingizi mnono, lakini hili lilimuuma. Kwa mara ya kwanza tangu aote meno, akasema ukweli mtupu.

"Dada, ile namba ni ya uongo. Niliipika mimi."

Dada akacheka mpaka akajifuta machozi. "Wewe? Mwaka jana ulikuwa rubani, mwaka huu unampikia mkaguzi wa serikali! Kama una shida ya hela, omba kama watu."

"Mjomba," binti wa dada akasema kwa upole, "usinionee wivu."

Shemeji akatoka mbio hadi kwa mkuu wa chuo. "Rudisha ada ya dada yangu, la sivyo natangaza kila kitu!"

"Tangaza," mkuu akasema. "Kwenye zile barua za ajira, sahihi ni ya nani, shemeji?"

Neno lile halikuwa limewahi kumchoma hivyo. Ikabidi asamehe nusu aliyokuwa bado akidai, arudishe nusu aliyokwisha pokea, na aongeze hela ya fomu juu yake, ndipo akakabidhiwa ada ya dada yake. Alirudi mifuko mitupu na moyo mweupe, akaziweka noti mapajani mwa dada.

Dada akaziangalia. Akamwangalia yeye. Kisha akamzaba kofi lililowatoa majirani ndani.

"Umeenda kumfutia mtoto wangu shule!"

Akazifunga noti kwenye ncha ya kanga, akamshika binti mkono, wakashika njia ya chuoni, Shemeji nyuma yao akiapa kwa kila kitakatifu alichowahi kukiapia uongo. Mkuu aliwapokea getini, kwenye foleni ya wazazi.

"Karibu mama, nilijua utarudi. Ndugu wa kurudisha watu nyuma hawakosekani." Akamkatia risiti mpya.

Binti akamgeukia mjomba wake, macho mekundu. "Siku nikihitimu, kesi yangu ya kwanza ni wewe!"

Mkuu akawatazama wazazi waliokuwa foleni, akapanua mikono.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Hata darasani hajaingia, na kazi keshapata."