Nirudishie Dakika Zangu Kumi na Nane

Njagi wa Mbaka,
Karani Mstaafu,
Kianjokoma.

9 Novemba 2024

Kwa Antony Muchangi,
Fundi wa Kompyuta,
Embu mjini.

Mpwa wangu na Fundi Mheshimiwa,

MINT: MCHEZO KUINGIA UPESI KUPITA KIASI

Sitakuuliza u hali gani, kwa sababu mtu aliyemtendea mjomba wake jambo hili na bado anakula chapati mjini lazima yu mzima. Mimi si mzima. Ninakuandikia kwa mkono, na kwa Kiswahili rasmi, kwa kuwa kila nikikupigia simu unasema, "Uncle, si hiyo ndiyo ulikuwa unataka?" kisha unacheka na kukata. Barua haikatwi.

Kompyuta yangu unaijua. Ni ile nyeusi yenye vitufe vya mpira, niliyouziwa mwaka wa 1987 na mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akirudi kwao. Haina akili nyingi, lakini ina adabu. Unaichomeka kwenye televisheni, unaiunganisha na redio ya kaseti, unabonyeza, na mchezo unaanza kuingia kutoka kwenye kaseti huku ukipiga mayowe kwa dakika kumi na nane. Mara nyingi ukifika dakika ya kumi na sita unakataa, nawe unarudisha kaseti mwanzo. Mwezi wa nane ulipokuja kutusalimia nilikulalamikia habari hiyo. Lakini nililalamika kama mkulima anavyolalamikia mvua. Hakuna mkulima anayetaka mvua ikome!

Wewe ukanichukulia kwa uzito. Ukarudi na kikasha kidogo kama kiberiti, ukakichomeka nyuma ya kompyuta, ukatia ndani memori kadi kama ya simu, ukasema kaseti zote zipumzike. Tangu siku hiyo mchezo wowote unaingia kwa sekunde tatu. Nimepima kwa saa ya ukutani. Madhara yake ni haya:

1. Amani ya boma imekwisha. Kaseti ilipokuwa ikiingia, hapa kwangu hapakufungwa mlango kwa kishindo, hapakuwashwa redio nyingine, na hakuna aliyethubutu kupita karibu na waya. Hata jirani yangu Mutegi akija kuazima wilbaro alisimama kizingitini, akavua kofia, akanong'ona. Sasa anaingia akiimba.

2. Taaluma yangu imezikwa. Katika sehemu hii yote palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kusikiliza yale mayowe na kujua kama mchezo utaingia au hautaingia. Nikisikia sauti imekuwa nzito, nilichukua bisibisi ndogo, nikazungusha skrubu ya kichwa cha kaseti kidogo tu, huku nimefumba macho. Watu walinitazama kama daktari. Jana kuku alipanda juu ya meza, akakanyaga kile kitufe cha kikasha chako, na mchezo ukaingia. Kuku, Antony.

3. Ninafanyishwa kazi. Dakika kumi na nane, ukiongeza na za kurudia, zilikuwa asubuhi nzima, na Mama Ruguru ni mwanamke mwenye utu, hawezi kumtuma mtu ambaye kaseti yake inaingia. Alikuwa akiuliza kutoka jikoni, "Baba Ruguru, imeingia?" nami najibu, "Bado," na mazungumzo yakaishia hapo kwa heshima. Sasa akiuliza, kabla sijafungua mdomo, yule mnyama fuko wa mchezo ameshatokea kwenye kioo na muziki wake. Jumatatu nilitumwa sokoni kununua chumvi. Jumanne nikatumwa chumvi tena. Jumatano nilipelekwa kumjulia hali mama mmoja wa kanisa ambaye nilimkuta akipasua kuni. Alhamisi niliambiwa nihesabu nguzo za ua, na nilipomaliza nikaambiwa nizihesabu kutoka upande ule mwingine. Ijumaa, chumvi. Nina miaka sitini na tisa. Boma hili limeniegemea mimi, na magoti yangu yameanza kulia kama mlango wa ghala.

4. Imani yangu inapungua. Nilikuwa na desturi ya kusali kaseti ikiingia. Sala yenyewe ilikuwa ndefu: nilianza na wagonjwa, nikaja kwa wajane, nikafika hadi kwa serikali. Kwa sekunde tatu mtu anaweza kusema "Ee Bwana" tu, na hata hiyo "Amina" inakutana na fuko njiani. Siku ya hukumu nikiulizwa kwa nini niliwaacha wajane, nitataja jina lako na mtaa unamoishi.

5. Hili naliandika kwa uchungu. Kwa miaka thelathini na saba nimewaambia watu kwamba hakuna anayeniweza katika ule mchezo wa fuko anayechimba almasi. Kwa kuwa mchezo ulikuwa hauingii, hakuna aliyedai ushahidi. Wiki iliyopita Mutegi alivuta kiti, akakaa, mchezo ukaingia, na fuko wangu akaangukiwa na jiwe katika sekunde ya tisa. Nikarudia. Sekunde ya saba. Zamani fuko akifa mtu alikuwa na dakika kumi na nane za kueleza jinsi kitufe kilivyokwama. Safari hii sikupata hata nafasi ya kukohoa. Mutegi aliniambia tu, "Aki pole, Mzee," na hiyo pole bado inanichoma mpaka leo.

Usidhani nimekimbilia kalamu kabla ya kujaribu. Nilichukua ile karatasi uliyoniachia, ya hatua za kufuata mchezo ukikataa kuingia, nikazifuata zote kinyume. Ulisema jina la faili liwe fupi. Nikalipa jina la ukoo wetu kuanzia babu wa babu. Ulisema kadi isijazwe. Nikamwomba binti yetu Ruguru anitilie picha zote za harusi yake, elfu mbili na kitu, pamoja na video ya mahubiri, ili iwe na uzito. Ulisema nifute vile vyuma vya kikasha kwa spiriti. Nikavipaka mafuta ya kupikia, kidogo tu. Mchezo ukaingia kwa sekunde nne. Nilifurahi kwa ile sekunde moja, nikamwita hata Mama Ruguru aje aone. Kesho yake zikarudi tatu.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, uje urekebishe kikasha chako kama ifuatavyo. Mchezo uchukue dakika kumi na nane. Upige mayowe. Katika kila mara tatu ukatae mara mbili, tena ukatae ukiwa karibu kufika. Na kuwe na skrubu ya kuzungusha. Si lazima iwe imeunganishwa na kitu chochote.

Ukiona ombi hili ni dogo, kumbuka tarehe kumi na nne mwezi ujao tunaenda Kiirua kwa kina Kagwiria mchumba wako kuzungumza habari za ruracio, yaani mahari, na msemaji wako ni mimi, kaka ya mama yako. Wameru wale ni watu wa taratibu. Wanataka msemaji anayeanza mbali, anayesifu uji, anayeuliza mvua ya huko imekuwaje, anayetoka nje kushauriana mara tatu na kurudi akiwa hajashauriana lolote. Sanaa hiyo nilijifunza mbele ya redio ya kaseti, siwezi kukuficha. Lakini kama wewe ni mpenzi wa kasi, mpwa wangu, nitakuwa na kasi. Watataja ng'ombe na mbuzi wa idadi wanayoitaka, nami nitasema "ndiyo" kabla hawajafunga mdomo. Sekunde tatu. Tutakuwa tumerudi Embu kabla chai haijamiminwa, na wewe utakuwa mume asiye na hata kuku.

Nisingependa tufike huko. Ninakupenda, na kikasha chako ninakichukia, na mambo hayo mawili ninaweza kuyabeba kwa pamoja kwa muda mfupi tu.

Msalimie mama yako Carol, umwambie yule jogoo wake alifika salama na tayari anatawala. Wasalimie mafundi wenzako wote, ila yule aliyekuuzia kikasha. Msalimie Kagwiria, na usimwonyeshe ukurasa uliotangulia. Mutegi naye anakusalimu, ingawa sijui kwa nini namsaidia kukusalimu.

Ni mimi mjomba wako, ninayetembea kwa miguu kwa ajili yako,

Njagi wa Mbaka

Tanbihi: Barua hii nilimpa Mama Ruguru aipitie, kwa kuwa alifundisha Kiswahili miaka ishirini na nane na hakuna kosa linalompita. Alifika namba ya tatu akashika mlango kwa kucheka. Kisha akakaa chini, akaniambia mambo ambayo sasa sina budi kukuandikia, maana amesimama nyuma yangu.

Redio ya kaseti haikuwa na kosa. Kaseti hazikuwa na kosa. Ni yeye, tangu mwaka wa 1989, kila aliponiletea chai, aliyekuwa akiongeza sauti ya redio kidogo kwa kidole mchezo unapokaribia kuingia, nao unaharibika. Aliponiona natafuta bisibisi alijua amepata asubuhi nyingine. Mwaka huo, anasema, nilikuwa nimeingia kwenye shamba la kahawa na panga nikapogoa mashina mia mbili, na mengine hayajachipua hadi leo. Nilidhani ni ugonjwa. Na ile chumvi? Tuna pakiti kumi na nne chini ya kitanda. Kumbe sikuwa nikitumwa kazi. Nilikuwa nikiondolewa karibu na shamba.

Nilikasirika, Antony. Kisha nikaona haya. Kisha, ukweli usemwe, nikafurahi, kwa maana sijui mwanamume mwingine ambaye mtu amejitaabisha miaka thelathini na tano ili yeye aketi.

Basi futa namba ya pili na ya tatu, na ile ya kwanza uipunguze. Ombi lenyewe linabaki, ila si langu tena. Mama Ruguru anasema dakika kumi na nane hazitoshi. Weka arobaini, na anakusihi uje kabla ya mwezi wa pili, maana ndipo tunapogoa.