Jino Nililotupa Juu ya Nyumba

Leo nimeanikwa mchana peupe. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine, kwa sababu pale kliniki kulikuwa na watu wanaonijua.

Ilianza asubuhi nikimpigisha mswaki binti yangu Makena. Ana miaka sita na nusu (hiyo nusu usiisahau, yeye hukasirika). Akafungua mdomo. Nikaona. Nyuma ya meno yake mawili ya chini, yale ya utoto, kumetokea mengine mawili! Mapya, mapana, makali juu kama msumeno. Na yale ya mbele hayana habari. Yamekaa tu. Safu mbili kwa mdomo mmoja!

"Mama, ni nini?"

"Si kitu," nikamwambia, na huku nayahesabu tena.

Sasa, baba yangu alikuwa amelala kwetu. Yeye anaishi Githongo na kahawa yake, lakini jana alishuka hapa Meru mjini kumletea mjukuu nduma. Akaweka kikombe cha chai chini, akavaa miwani, akamwinamia Makena kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Hiyo ni kazi ya dakika moja," akasema. "Nipe uzi wa gunia."

Lazima niwaeleze kuhusu huo uzi. Sisi kwetu tulizaliwa sita, na Baba ndiye alikuwa daktari wa meno wa boma. Jino likilegea, unaitwa nje ya jikoni. Anakaa kwa kile kiti chake kifupi, anafunga jino na uzi, ule wa kushonea magunia ya kahawa. Kisha anakuuliza swali. "Leo ng'ombe ametoa maziwa ngapi?" Kabla hujajibu, jino liko mkononi mwake. Halafu unapewa, unalitupa juu ya nyumba, unamwambia ndege abebe hilo akuletee jipya. Tulikuwa tunanyamaza wote tusikie likibingirika kwa mabati. Kri, kri, kri.

Na Jumamosi inayofuata, wewe mwenye pengo unaenda soko na Baba. Peke yako! Nyuma ya baiskeli, umeshika koti lake linalonuka maganda ya kahawa. Unanunuliwa soda baridi na mrija wake, na Baba anakaa hapo akikuongelesha kama mtu mzima. Watoto sita, baba mmoja. Zamu yako ya kuwa naye ilikuja na jino.

Haya. Nikamwambia, "Baba, siku hizi watoto hupelekwa kwa daktari."

Akachukua kofia. "Twende. Nataka kuona huyo daktari anajua nini ambayo mimi sijui."

Kliniki ilikuwa imejaa. Benchi lote watu, na katikati Mama Kendi, tunayeimba naye kwaya (yaani gazeti la kanisa letu). Makena kusikia mashine ikilia ndani, akaanza kulia yeye pia. Mimi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha malezi. Nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Usiogope! Mimi nikiwa kama wewe, guka, huyu babu yako, alikuwa ananing'oa na sitoi hata chozi."

Baba akaitikia. "Ni kweli. Huyu Kawira alikuwa jasiri kuliko wote." Kisha akaligeukia benchi. "Mimi nimeng'oa meno ya watoto sita. Yote! Hakuna hata moja ilinishinda."

Benchi likavutiwa. Mzee mmoja akampa mkono. (Hapo ndipo ningesema tumbo linaniuma, nirudi nyumbani. Sikusema.)

Tukaitwa. Daktari ni msichana mdogo, mpole sana. Akamchekesha Makena, akatikisa yale meno na kidole, akaniambia nitulie. Alisema watoto wengi hupitia hiyo. Jino jipya likipanda nyuma badala ya chini ya lile la zamani, la zamani linakosa mtu wa kulisukuma, linachelewa. Haya ya Makena yameshaanza kulegea. Ayatikise na ulimi, ale karoti na mahindi ya kuchoma. Yakikataa kwa miezi miwili au mitatu, tumrudishe.

"Na uzi?" Baba akauliza.

"Uzi tuwachie magunia, mzee."

Baba hakufurahi, lakini akarudisha kofia kichwani. Tungeondoka hapo na heshima yetu. Nilikuwa tayari nimeshika mkoba. Ndipo Makena akasema:

"Hata mama yuko na mbili! Hapa juu! Mama, mwonyeshe!" Na mkono wake ukaja moja kwa moja kwa mdomo wangu.

Ni kweli niko na kajino kadogo hapa juu pembeni, kamekaa mbele ya lile lenye ncha. Huwa nakaita jino la ziada. Mume wangu aliniambia zamani ndiko kalimvutia. (Nikaamini. Nikaolewa.)

"Mama, hebu kaa kidogo," daktari akasema.

Nikakaa. Akawasha taa. Akagonga na kale kachuma, to, to, to. Akainama. Akarudi nyuma.

"Uko na miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

"Hili ni jino la utoto."

Baba, kutoka kwa kona: "La utoto wa nani?"

"Lake, mzee. Halikutoka. Kubwa lilipandia nyuma, kama tu ya huyu mtoto. Lakini hili lilikatalia hapo."

"Haiwezekani," Baba akasema. Akasimama kabisa. "Hiyo jino nilimwona akiitupa juu ya nyumba. Na macho yangu! Niliisikia kwa mabati!"

Na mlango wa chumba cha daktari, ndugu zangu, ulikuwa wazi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Wiki moja kabla, Baba alikuwa amemng'oa kaka yangu Mutuma, na damu ikafika kwa shati. Mimi nikaapa huo uzi hautanigusa. Lakini soko nilikuwa nalitaka. Kwa hivyo niliingia jikoni, nikachukua punje moja ya mahindi meupe, nikatoka mbio nikipiga kelele kwamba jino limetoka lenyewe nikila muwa. Kabla mtu hajasema nione, nikalirusha. Kri, kri, kri. Na Jumamosi nikabebwa kwa baiskeli. Nilikunywa soda nzima nikiwa nimefunika mdomo na mkono. Bado namkumbuka Baba akiniambia, "Toa mkono, Kawira. Pengo si aibu."

"Kawira." Sasa alikuwa amesimama mbele ya kiti cha daktari. "Ulitupa nini?"

Taa ilikuwa bado inanimulika.

"Mahindi, Baba."

"Mahindi?"

"Punje moja tu."

Daktari akageukia ukuta. Nikaona mabega yake yanatikisika. Huko nje nikasikia Mama Kendi, "Ati mahindi!" Halafu benchi lote likaangua kicheko. Mpaka yule mzee aliyempa Baba mkono.

Nilidhani yameisha. Baba akatoa simu. Akampigia Mutuma, ambaye sasa hununua miraa huko Laare. Na Baba hapigi simu bila kuweka spika.

"Mutuma. Nakuuliza kitu na usinidanganye. Yote uliyotupa juu ya nyumba yalikuwa meno?"

Nyuma yake pikipiki zinanguruma.

"Baba, ni nani amesema?"

"Jibu!"

"Moja ilikuwa changarawe. Moja tu! Lakini Baba, mbaya ni Gatwiri. Yeye aliokota jino langu nyuma ya nyumba, akalitupa tena likiwa lake."

Gatwiri ni dadetu mdogo. Ni shemasi.

"Hiyo jino ilienda soko mara mbili?" Baba akauliza.

"Mara mbili, Baba."

Akakata simu. Akatazama daktari, akatazama benchi kupitia mlango. "Kwa hivyo mimi niling'oa nini miaka hiyo yote?"

"Pole, mzee," mama mmoja akamjibu huko nje, na alimaanisha.

Akakaa kwa stuli karibu yangu. Akashusha sauti, na hiyo ndiyo ilinimaliza kuliko kelele.

"Uliogopa uzi?"

"Niliogopa."

"Si ungesema? Ningengoja itoke polepole."

"Ningekosa zamu ya soko. Nilikuwa nataka twende. Mimi na wewe."

"Si ungeniambia tu twende."

"Tulikuwa sita, Baba."

Akavua kofia. Akaangalia ndani yake muda mrefu, kama kuna kitu kilichoandikwa humo. Mkono wake mwingine ulikuwa kwa goti langu, ule mkono mgumu wa kuchuma kahawa. Nilikuwa sijaushika siku nyingi. Hata sikumbuki mara ya mwisho tulikaa karibu hivyo bila mtu mwingine kutaka kitu.

"Hata mimi nilikuwa nangojea hizo Jumamosi," akasema.

Mimi nikaanza kulia. Kwa kiti cha meno! Makena akanipapasa bega na kuniambia, "Usiogope, mama," kwa sauti ile ile niliyomtangazia yeye.

"Lakini mahindi, Kawira!" Baba akasema, na sasa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa. Alicheka mpaka daktari akamletea maji.

Daktari alisema kajino kangu hakana shida, mzizi wake bado umeshika. Naweza kukaa nako, au nirudi katolewe nikitaka. Baba akamwambia siku ya kukatoa aitwe. Anataka kukashika mkononi. Hataki tena kuambiwa, anataka kuona.

Kutoka nje ilibidi nipite mbele ya benchi. Hatua kama kumi na tano hivi. Zilikuwa ndefu.

"Jasiri ndiye huyo anatoka," Mama Kendi akasema.

Makena, bila kuulizwa, akamwelezea bawabu wa mlangoni kwamba mama yake bado yuko na meno ya mtoto. Bawabu akaomba aone. (Nilimwonyesha. Heshima ilikuwa imeisha, nikaona hakuna haja ya kubana.)

Sasa ni jioni. Gatwiri hashiki simu. Kwa grupu ya familia Mutuma ametuma picha ya gunia la mahindi, bila neno lolote. Baba ameketi sebuleni na Makena mapajani, wanahesabu meno ya kila mtu anayeingia kwa mlango.

Nawaomba, anayetaka kucheka acheke akiwa kwake. Na kabla hujaanza, simama kwa kioo ufungue mdomo uhesabu vizuri. Pengine hata wewe hujamaliza utoto.