Daktari Protase na Homa ya Nyakasimbi

Protase alitoka shule ya bweni na cheti kisichofaa kuonyeshwa watu, na ulimi uliofaa kuonyeshwa kila mtu. Siku moja alipita kijiji cha Nyakasimbi kwa pikipiki ya kuazima, akiuza chupa za maji ya sukari zenye jina tukufu la Tiba ya Homa. Aliposikia mtoto akilia nyuma ya migomba, akafunga breki. Riziki hiyo.

Uani alimkuta Bibi Kokuhirwa na binti yake Mackrine. Mackrine alikuwa amemvua mwanawe blanketi, anamfuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kumnyonyesha kila alipotulia. Pembeni jogoo mwenye kifua cha diwani alikuwa akitembea.

"Shikamoo bibi. Mimi ni daktari."

"Marahaba. Daktari hata ndevu hazijaota?"

"Daktari wa watoto, bibi. Ndiyo maana." Akainua chupa. "Dawa hii, kwa huyo jogoo tu."

"Simpi jogoo mtu nisiyemjua."

Hapo Protase alipata wazo, moja ya yale ambayo baadaye hukosa mtu wa kumlaumu. Kwenye kibakuli cha wageni alichukua tunda la kahawa ya kutafuna, akalipasua, buni moja akala, ya pili akampa bibi.

"Sasa sisi ni ndugu wa kahawa, kama walivyofanya wazee. Ndugu hamdanganyi ndugu."

Bibi alitafuna polepole. "Asante, mwanangu. Basi ndugu hamuuzii ndugu dawa. Mtoto anachemka tangu jana, zahanati iko mbali, na pikipiki ya ndugu iko mlangoni."

"Bibi, mafuta…"

"Umetafuna, hukutafuna?"

Alikuwa ametafuna. Alikuwa hata amemeza. Kabla hajapata uongo mwingine, mtoto alitapika kwenye shati lake, kisha akalegea, macho nusu wazi. Daktari wa uongo akashikwa na hofu ya kweli.

"Panda, Mackrine! Mshike vizuri!"

Zahanatini, kipimo kilionyesha malaria. Dozi ilianza hapo hapo, na muuguzi akasema wangechelewa zaidi, ingekuwa hadithi nyingine.

"Na wewe ni nani?" muuguzi alimuuliza Protase.

"Mjomba," Protase akasikia mdomo wake ukisema, kisha ukatoa na namba ya simu, ya kweli, jambo ambalo haukuwahi kulifanya.

Siku chache baadaye simu iliita. Alikuwa Bibi Kokuhirwa.

"Mwanangu, homa imeisha, mtoto anacheka. Kesho njoo na jembe. Kahawa ya nyumbani kwenu imezidiwa na magugu."

Mjanja wetu alitafuta udhuru kichwani, akakuta ghala tupu.

"Saa ngapi, mama?"