Kengele za Mtakatifu Petka na Kompaila Mpya

Jumatatu, 21 Oktoba
Namshukuru Mungu kwa kichwa alichonipa. Madam Vidosava, bosi wetu, ametangaza: atakayeuhamishia mradi wa kengele, yaani programu inayopiga kengele za kanisa, kwenye kompaila mpya kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Petka, Jumapili, ndiye mkuu wa mradi. Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, na yetu imechakaa kuliko kiti changu. Mpinzani ni mmoja tu, Ljubiša. Balaa lake, ndiye aliyemsimamia binti yangu ubatizo. Kwetu mtu huyo huitwa kumu, ni kama ndugu wa damu. Na kumu hagombwi. Basi nitamshinda kwa upole.

Jumanne, 22 Oktoba
Kumu anasoma maelekezo ya kompaila. Ukurasa kwa ukurasa! Nikamletea kahawa, nikamsihi asiharakishe, macho ni mali. Alipotoka kula, nikafungua mipangilio ya mradi, nikachagua kompaila mpya, nikabonyeza. Kwisha! Maonyo ya manjano yakajaa kwenye skrini kama vifaranga. Nikayazima. Programu nimeiandika mwenyewe, anionye nani?

Jumatano, 23 Oktoba
Bosi amenisifu mbele ya wote. Kumu akauliza kama maonyo nimeyasoma. Nikamjibu mwenye imani haogopi rangi ya manjano. Akacheka, akaniita Mtakatifu Budimir wa mji wetu wa Kragujevac, eti tuombee. Wivu huo! Nimekula maharage ya mfungo wa Jumatano kwa raha, kisha nikaipeleka programu mnarani kanisani.

Ijumaa, 25 Oktoba
Ee Mungu wangu. Mazishi ya bibi Stamena. Kengele ilipaswa kulia dooong, kimya kirefu, dooong. Ikalia kama ya harusi! Wabeba jeneza wakajikuta wanakaza mwendo. Mjomba mmoja, pombe kali ya rakija ikiwa imeshampanda, akaanza kucheza kolo, ngoma ya duara ya harusini. Padri Serafim akanivuta pembeni: “Budimir mwanangu, marehemu anawahi wapi?”

Kumu akaliona kosa kahawa ikiwa bado ya moto. Kati ya mlio na mlio, mimi niliiamuru mashine ihesabu hadi laki moja bila kufanya lolote, ili muda upite. Kompaila mpya ikaona kazi isiyo na faida, ikaifuta. Kumbe ilinionya! Mashine ina saa yake, akasema kumu, tuiulize hiyo. Akarekebisha. Bosi akampa ukuu palepale. Nikampa mkono. Mkono tu.

Jumamosi, 26 Oktoba
Nimesali, moyo umetulia. Kuuliza saa ni kazi ya wavivu. Kesho bosi atasikia kengele zikilia kwa hesabu yangu, na ukuu utarudi kwa mwenyewe. Kumu alipokwenda kuungama, nimeitoa saa yake na kurudisha hesabu, safari hii hadi milioni mia, nikapanda nayo mnarani. Maonyo yalikuja tena, nikayazima tena. Laki moja, sawa, ni kidogo, mtu anaweza kuipuuza. Lakini milioni mia! Kompaila gani yenye adabu itathubutu kuifuta?