Bomba Lenye Heshima

Ninayo furaha kubwa, kwa niaba ya Kurugenzi ya Mabomba ya Hospitali Kuu, kuutangazia umma kwamba kona zimekomeshwa. Hazikupunguzwa, wala hazikudhibitiwa, zimekomeshwa. Nasema haya nikiwa Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Unyoofu, cheo chenye kiti chake, muhuri wake na kikombe chake cha chai, ingawa wenye wivu hupenda kusema kwamba kazi yangu ni kumshikia Mkurugenzi mwavuli. Mwavuli huo huwa naushika jua likiwa kali tu.

Yote yalianza na waraka. Mkurugenzi wetu Mkuu alikuwa amechoshwa na watumishi wa kona kona, wale wasiopita mlango wa mbele hata ukiwa wazi. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Kona zote zikomeshwe, popote zilipo." Waraka ukabandikwa kila ukuta, mpaka chooni, na kila aliyeusoma akatikisa kichwa kwa makini kabla ya kuendelea na shughuli zake.

Wakati huohuo tulikuwa na mradi wa bomba la maji ya moto. Bomba lenyewe lilitakiwa kutoka chumba cha boila, kupita korido ya utawala, na likifika mwisho likate kushoto kuingia Wadi ya Wazazi. Lilihitaji kona moja tu. Kabla ya hapo maji ya wazazi yalichemshwa uani kwa mkaa, yakabebwa kwa sufuria, yakafika wadini yakiwa na uvuguvugu wa heshima tu. Mke wangu alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na alitarajiwa kujifungulia humohumo. Nalitaja hilo kwa ajili ya kumbukumbu, si kwamba nilikuwa na wasiwasi.

Muuguzi Mkuu wa wadi hiyo ni mdogo wake mke wangu. Ni shemeji yangu, na shemeji haogopi cheo cha mtu ambaye kwao wamekula mahari yake.

"Shemeji, bomba liko wapi?" aliniuliza koridoni, mbele za watu.

"Liko kwenye mchakato."

"Dada yangu akijifungua nimwogeshe mtoto kwa mchakato?"

Nilimweleza jinsi kazi inavyokwenda. Ghorofani yupo Mchoraji, dada mmoja mwenye subira, anayechora bomba kwenye kompyuta. Faili la mchoro linapita kwenye programu iitwayo kigeuzi, inayolitafsiri kwa lugha ya programu ya kukunjia mabomba. Hiyo iko chini, karakanani, kwa Fundi Mkunjaji. Fundi anabonyeza kitufe, mashine inalikunja bomba kama ilivyoambiwa. Ni jambo rahisi kabisa, ndiyo maana lilihitaji kamati.

Mchoraji alituma faili. Fundi akabonyeza. Mashine ikaguna, ikatema bomba. Simu yangu ikalia.

"Mzee, bomba limenyooka," alisema Fundi.

"Hongera sana."

"Si hongera, mzee. Kwenye mchoro lina kona. Huku kompyuta inaniambia kona ni sifuri."

Niliunda Kikosi Kazi papo hapo. Walizima kompyuta, wakaiwasha. Mchoraji akalihifadhi faili upya kwa jina la "mwisho", kisha "mwisho kabisa", kisha "mwisho kabisa hili ndilo". Fundi akashuku kwamba inchi zimesomwa kama milimita. Wakapima, urefu ukawa sawasawa bila kasoro. Wakasema labda mtandao ndio unaokula vitu, wakaamua faili lishuke ngazi kwa miguu, ndani ya flashi, likisindikizwa na mlinzi. Likapitishwa kwenye kigeuzi. Bomba likatoka limenyooka tena, na mlinzi akaandika maelezo kwamba hakuona kitu chochote kikidondoka njiani.

Hapo ndipo akaitwa Mtaalamu wa Mfumo. Sisi humwita Nywila, kwa sababu hampi mtu nywila yoyote, na mara nyingine hata yeye mwenyewe hujinyima.

"Kona hazijapotea," alisema Nywila kwa utulivu. "Nimezifuta."

"Umezifuta?" Mchoraji alisimama.

"Waraka umesema popote zilipo. Nikaweka kichujio kwenye kigeuzi. Kila mstari wa faili unaoanza na neno KONA unaondolewa. Kinachobaki ni kile kilichonyooka."

"Sasa si ukitoe hicho kichujio, jamani!"

"Nikikitoa, nitakuwa nimezirudisha kona kazini. Utasaini wewe?"

Mchoraji akaangalia dari. Fundi naye akaangalia dari. Nikaangalia na mimi, maana katibu hapaswi kubaki nyuma. Ilikuwa dari nzuri, iliyopakwa rangi mwaka wa bajeti.

Niseme ukweli, kila mtu chumbani alijua dawa ni nini. Ila kujua ni jambo moja na kuidhinishiwa ni jambo jingine, na mimi nimeajiriwa kwa hilo la pili. Tukaamua kutogusa kichujio, bali kuitafutia kona jina jipya.

Mchoraji akapendekeza "mpindo". Afisa Usalama aliyekuwa chumba cha pili akaingia bila kubisha hodi, akitaka kujua nani humu anapanga mapinduzi. Tukaliacha. Fundi akaleta "mkunjo", lakini mjumbe wa ustawi akasema linamkumbusha ngumi. Mwingine akatoa "badiliko la mwelekeo", akaambiwa kwamba mwelekeo wa Kurugenzi umeshatolewa na Mkurugenzi, na kama yeye anao mwingine autaje. Akasema hana. Akasema hata huo wa kwanza alikuwa ameusikia mahali.

Ndipo nikasimama mimi.

"Ndugu wajumbe, bomba likifika mwisho wa korido halipindi. Linainama. Na anayeinama ni nani, kama si mwenye heshima?"

Wajumbe wakapiga meza. KONA ikawa HESHIMA, Fundi akaifundisha mashine yake neno hilo, likatumwa faili, na kigeuzi kikalipitisha bila kulipekua. Chini karakanani kompyuta ikasoma: heshima moja, nyuzi tisini. Fundi alipiga kelele za furaha mpaka wa jengo la pili wakafungua madirisha. Usiku ule nililala vizuri, na nikamwambia mke wangu asihofu.

Ilibaki saini tu. Tulimpelekea Mkurugenzi karatasi ya mchoro, mimi na Mchoraji. Aliisoma, akavua miwani.

"Heshima nyuzi tisini. Kati ya ngapi?"

"Mtu akigeuka mzima mzima, Mheshimiwa, ni mia na themanini," nilisema, kwa sababu swali la mkubwa hujibiwa.

"Kwa hiyo kurugenzi yangu inatoa nusu heshima?"

Mimi nikainama. Mchoraji alikuwa na jibu, maskini.

"Mheshimiwa, ikiwa mia na themanini bomba litarudi lilikotoka."

"Litakuwa limerudi kushukuru," alisema Mkurugenzi, akarekebisha kwa kalamu nyekundu, akasaini.

Nikapiga makofi. Mchoraji naye akapiga, taratibu, kama mtu anayeua mbu.

Mafundi walilifunga bomba kama lilivyoidhinishwa. Lilitoka boila, likapita korido, likafika mwisho, likaiona Wadi ya Wazazi kwa karibu kabisa, kisha likageuka na kurudi sambamba na lenyewe. Urefu uliobaki ukaishia kwenye ukuta wa ofisi ya Mkurugenzi. Kwa kuwa maelekezo yalisema ukuta utobolewe, ukatobolewa. Na kwa kuwa mchoro ulionyesha koki mwishoni, koki ikafungwa, nyuma kidogo ya kiti chake kikubwa. Tulimwendea kwa kunyata. Aliitazama ile koki inavyong'aa, akatabasamu.

"Heshima imemfikia mwenyewe," alisema.

Shemeji alikuja kuliangalia bomba koridoni. Alilifuata kwa kidole lilivyokwenda, kisha lilivyorudi.

"Na wadi je?"

"Wadi itanufaika kwa kuona mfano," nilimjibu. Sikujivunia jibu hilo. Mke wangu alikuwa ameanza kushikwa na uchungu asubuhi ile, na sufuria za uani zilikuwa bado hazijachemka.

Uzinduzi ulifanyika siku hiyohiyo ofisini, kwa sababu ndipo koki ilipokuwa. Waandishi walijaa. Mimi nilishika sahani ya mkasi. Mkurugenzi alisoma hotuba niliyomwandikia miezi ya nyuma, na yeye hotuba huzisoma kama zilivyo, haruki hata nukta.

"Leo hii, hapa hapa niliposimama, nafungua rasmi Wadi ya Wazazi yenye maji ya moto!"

Akakata utepe. Akafungua koki. Maji yakatoka kwa nguvu, mvuke ukapanda, kamera zikamulika, watu wakashangilia. Shemeji alipiga makofi kuliko wote. Kisha akatoka, akarudi na wauguzi wake wanasukuma vitanda.

"Nini hiki?" Mkurugenzi alirudi nyuma.

"Wadi, Mheshimiwa. Umeifungua mwenyewe, redio zote zimesikia. Naomba upishe kitanda."

Kwenye kitanda cha mbele alikuwa mke wangu. Nikaiweka chini ile sahani, na itifaki yote ikanitoka kichwani. Nilimshika mkono, maana niliogopa sana, na sijui kwa nini nilikuwa nimejifanya siogopi.

"Wanaume nje!" alisema Shemeji, na mlango ukatufungia koridoni, mimi na Mkurugenzi Mkuu, chini ya bomba.

Mkurugenzi akasimama muda mrefu akijipapasa mifuko.

"Katibu," aliniambia kwa sauti ndogo. "Koti langu liko ndani. Na simu. Hakuna kona yoyote ya kuniingiza?"

"Zimekomeshwa, Mheshimiwa."

Hapo mtoto akalia ndani. Nililia na mimi, na sioni sababu ya kuficha. Ni binti, na aliogeshwa maji ya vuguvugu safi juu ya meza ile ya Mkurugenzi ambayo sijawahi kuruhusiwa kuiwekea hata kiwiko.

Mkurugenzi alivumilia mpaka vitanda vingine vikaingia, vikafuatiwa na makabati na mapazia. Mwishowe akabisha hodi. Shemeji akafungua mlango kidogo.

"Nataka kuingia ofisini kwangu," alisema Mkurugenzi.

"Karibu sana. Ila humu kuna watoto wachanga. Vua viatu, unawe mikono kwanza, ndipo uingie."

Akavua viatu, akavishika mkononi, akaangalia kulia na kushoto koridoni.

"Maji yenyewe yako wapi?"

"Yako ndani, Mheshimiwa," alisema Shemeji, akaufunga mlango taratibu ili mtoto asishtuke.